Dada Si Mdai

6 Januari

Dada,

Shikamoo. Hali yako, na ya Mama? Goti lake linampa nafasi? Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, anasema yale mashuka uliyompa yanadumu kuliko ndoa za siku hizi, na alipokuwa anasema hivyo alinitazama mimi. Watoto wazima. Mkubwa ameanza kuvaa viatu vyangu bila kuniomba, kwa hiyo siku hizi anayewahi kuamka ndiye anayetoka amependeza.

Najua utasema, huyu naye na barua, zama hizi! Simu nimeizima, Dada. Kadi yake nimeitumbukiza kwenye kopo la misumari. Wale wa mikopo ya simu wanaanza kupiga kabla sijanawa uso, na nisipopokea wanawapigia watu wote walioko kwenye orodha yangu. Wamempigia kinyozi. Wamempigia mwalimu wa mtoto, tena wakamwambia mimi ni tapeli. Wakikupigia wewe, sema humjui mtu huyo.

Basi ngoja nikuambie. Unakumbuka ile kazi ya viti mia na ishirini vya hoteli, niliyokupigia nikiimba? Viti niliviunda, nikavivika kitambaa kizuri, nikavipeleka. Mwenye hoteli akanilipa robo, halafu akaingia mitini. Hoteli imefungwa na viti vyangu vimo ndani, nikipita naviona dirishani. Mbao nilikopa, spongi nilikopa, benki nilikopa. Nikawa nakopa huku nalipa kule, mpaka mikopo ya simu peke yake ikafika sita. Maji yamenifika shingoni.

Kuna mteja ameniambia kwamba mtu aliyeshindwa kabisa anaweza kwenda mahakamani akatangazwa muflisi, akafutiwa madeni, akaanza upya. Sijui kama ni kweli au ni maneno ya kunifariji tu. Wewe unaonaje?

Na zile hela nilizokutumia mwezi wa kumi na moja ni zako. Ulinikopesha bila kuniuliza nitalipa lini, nami nilitaka uwe wa kwanza kumalizana naye. Usiniulize nilizitoa wapi. Na usimwambie mtu.

Mdogo wako


19 Januari

Mdogo wangu, Bwana Makochi,

Marahaba. Mama hajambo. Goti linamuuma akiambiwa apike, akiambiwa kuna wageni linapona. Anamuulizia kitinda mimba wake kila siku, nami namwambia umebanwa na kazi. Sijamwambia kitu, na wewe usithubutu.

Barua yako imenikuta kazini, chumba cha pasi. Unajua mvuke ulivyo humu ndani, na mashuka ya hospitali nzima yanapita mikononi mwetu. Mtu akilia, wenzake wanadhani ni jasho. Kwa hiyo nimelia vizuri tu.

Sasa nikugombeze. Mwaka mzima nakupigia, nauliza habari za karakana, unanijibu, "Inakwenda, Dada, inakwenda." Kumbe ilikuwa inakwenda mahakamani! Ungeniambia mapema ningekusaidia nini? Sijui. Lakini ungeniambia.

Hilo neno la kufilisika sikulipenda. Baba amepiga randa miaka thelathini, hakuna siku jina lake lilibandikwa ukutani. Nimelikataa siku tatu. Siku ya nne nikamfuata fundi wa mashine zetu za kufulia, maana nilishasikia minong'ono kwamba yalimkuta. Hakuona aibu hata chembe. Akasema, "Mama, hufi. Unatoa ulichonacho, unasema ukweli wote, unashika adabu kwa muda, maisha yanaendelea." Alisema cha kwanza ni wakili, tena wa mambo hayo hasa, si wa talaka wala wa viwanja. Mtafute.

Za mwezi wa kumi na moja zilifika. Asante. Tusizizungumze tena.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Tuko salama, ukiondoa mafua yaliyopita nyumba nzima, hayakubagua mtu. Mwambie Mama spongi ya kiti chake nimeshaikata, itafika nikipata mtu wa kumpa.

Wakili nilimpata. Ngoja kwanza, usifurahi.

Nje ya mahakama kuna bwana mmoja ana meza, mwavuli na mihuri mitatu, tai yake nyekundu imenyooka. Hakuniuliza hata nadaiwa na nani. Alisema, "Siku kumi na nne, madeni yote yanayeyuka." Yanayeyuka! Dada, mtu anayekimbizwa akisikia neno kama hilo, akili inahama. Nikampa kodi ya karakana ya miezi miwili, niliyokuwa nimeiweka kando kwa kujinyima. Akachapa, akagonga mihuri yote mitatu, akanielekeza dirisha namba tano.

Karani wa dirishani akaisoma, akamwita mwenzake naye aje aisome. Mimi nikadhani kazi yangu imewapendeza. Kisha akaniuliza, tena kwa upole kabisa, "Mzee, unataka kuitwa nani?" Yalikuwa maombi ya kubadilisha jina. Yule bwana alichukua tu fomu iliyokuwa karibu na mkono wake. Niliporudi, meza ipo, mwavuli upo, yeye hayupo.

Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza hela nilizompa huyo bwana zilitoka wapi. Nikamwambia, akaacha kucheka, na tangu Jumatatu hajanisemesha. Mwenye karakana ameweka kufuli lake juu ya langu, nafanyia kazi barazani kwa jirani. Najiona mjinga, Dada. Na nikiwaangalia watoto wanavyonipa nafasi ya kupita, najiona mwizi.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Unataka kuitwa nani! Nilimsimulia Mama kama kisa cha jirani yako, akacheka mpaka akaomba maji, halafu akasema, "Maskini, huyo jirani hana ndugu wa kumshauri?" Nikaenda jikoni.

Haya, sikiliza sasa. Wodi ya wanawake amelazwa wakili mmoja, amevunjika mguu. Kupeleka mashuka wodini si kazi yangu, lakini juzi nimeyapeleka mwenyewe, na shuka moja nimelitandika nusu saa. Nikamweleza yote, nikisema ni shida ya rafiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rafiki yako ana dada mwema." Nilitamani niingie chini ya kile kitanda.

Amesema hivi: mwombe wakili akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu, mwulize kesi kama yako ameshika ngapi, na ada yake iandikwe kabla hujatoa hata senti. Na mtu akianza kukutajia siku, kimbia. Huko kwenu kuna mwenzake aliyesoma naye, ofisi iko juu ya duka la miwani, na watu wa aina yako huwa wanamlipa kidogo kidogo. Anwani nimeiandika kwenye kipande cha pili cha karatasi. Nenda umeoga, umechana nywele, na stakabadhi zako zote uzibebe, hata zilizochanika.

Umwambie kila kitu. Isipokuwa yale yasiyomhusu.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Kwanza, Mungu akuzidishie. Pili, wifi yako ameanza kunisemesha, ingawa kwa kupitia watoto: "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." Nami najibu kwa njia hiyo hiyo.

Nimemwona wakili. Ni mama mfupi, ana meza ndogo na mafaili yamempita kimo. Leseni alinionyesha kabla sijamaliza kuomba. Nilimwaga mfuko mzima wa stakabadhi mezani kwake, hakuguna. Alinipa maji, akaanza kuzipanga. Dada, nilikaa pale nikatamani kulala, nilivyokuwa nimechoka kuogopa.

Kumbe si uchawi. Mahakama ikipokea maombi, wadai wote wanasimama: hakuna simu, hakuna dalali mlangoni. Anateuliwa msimamizi wa mali, anakusanya nilichonacho, anauza, anawagawia wadai kila mtu kwa kadiri ya deni lake. Vifaa vya kazi hawagusi, kwa hiyo nyundo zangu na cherehani moja vinabaki, na vitanda vya watoto vinabaki. Nikitimiza masharti mpaka mwisho, kilichosalia kinafutwa. Si vyote vinavyofutika. Matunzo ya watoto hayafutwi, faini hazifutwi, wala deni ulilolipata kwa kudanganya. Na aliyekudhamini habebwi na msamaha wako, anadaiwa yeye. Hapo nilishukuru kwamba sikuwahi kukuweka mdhamini popote.

Alinipa karatasi tatu za kujaza, za kuapia. Ya kwanza, una nini. Ya pili, unadaiwa na nani. Ya tatu, katika miaka miwili iliyopita umeuza nini, umempa nani, umemlipa ndugu gani. Zile mbili nilizijaza mpaka pembeni. Ya tatu nikaandika: hakuna.

Usinitolee macho. Ningeandikaje? Jina lako likae kwenye karatasi moja na duka la spongi na wale wanaoniita tapeli? Dada si mdai. Mtu hamwandiki dada yake mahakamani kama deni la mbao. Wakili aliniuliza mara mbili, "Ndugu hakuna?" Nikamwambia hakuna. Jina lako liko salama.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefurahi umempata wakili. Mama hajambo.

Kuhusu ile karatasi ya tatu, umefanya vizuri.

Siku hizi kazi ni nyingi, usihangaike kunijibu.

Dada yako


16 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka wifi yako akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Unaumwa? Mama anaumwa? Kama kuna jambo niambie.

Huku mambo yameharibika. Msimamizi wa mali amekuja kukagua karakana, mwenye jengo akamfungulia. Ni bwana mtaratibu, anaandika kila kitu, hata idadi ya makopo ya gundi. Akaona madoa ya mafuta sakafuni. "Hapa palikuwa na gari?" Nikamwambia la jirani. Na jirani yuko pale pale anapiga msasa, akainua kichwa, akasema kwa nia njema kabisa, "Si lile pikapu lako uliloliuza mwezi wa kumi na moja?" Msimamizi akaandika na hilo.

Ndiyo, Dada. Niliuza pikapu. Ndizo nilizokutumia. Msimamizi akaenda benki, akarudi na taarifa: Jumanne hela za gari zimeingia, Jumatano zimetoka zote, zimekwenda kwa mtu mwenye jina la ukoo wangu.

Wakili hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. Alinieleza taratibu. Mtu akishazama kwenye madeni, akamlipa ndugu yake mmoja na kuwaacha wengine, sheria inauita huo upendeleo, na msimamizi ana haki ya kuzidai hela zirudi zigawiwe kwa wote. Kosa hilo linazungumzika. Lisilozungumzika ni kuapa kwamba hukulifanya. Maombi yanatupwa, madeni yanabaki palepale mpaka kufa, na mimi naweza kushtakiwa. Amenipa hadi tarehe kumi Juni nirekebishe kiapo.

Nina swali moja tu. Hizo hela bado unazo? Kama unazo, zirudishe, na mimi nitakulipa polepole hata kwa kukutengenezea makochi mpaka nyumba yako ikose pa kupita. Kama huna, niambie, nitatafuta maneno mengine. Jirani yuko tayari kuapa kwamba alikosea, gari lilikuwa lake.

Nilitaka kukutendea wema nikakutegea mtego. Nisamehe.

Mdogo wako


1 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu. Zimebaki siku tisa.

Nimeiwasha simu kwa dakika kumi kukupigia, haipatikani. Nimempigia Mama, anasema uko mzima, unakwenda kazini, unarudi, unakula kidogo. Kama umekasirika, kasirika, lakini nijibu.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya Mei nimeibeba kwenye mfuko wa aproni mpaka imelainika. Leo sikuulizi hali, nisije nikapata kisingizio cha kuandika mengine.

Hela nilizokukopesha Januari ya mwaka jana hazikuwa zangu.

Unajua chumba cha pasi tuna mfuko wetu, wanawake kumi na nne. Kila mshahara tunaweka, na mmoja akipatwa na shida ndipo tunapotoa. Mimi ndiye mweka hazina, mwaka wa tisa huu. Ufunguo wa sanduku unaning'inia shingoni mwangu. Uliponiomba ulisema ni za kitambaa tu, miezi mitatu. Nilifungua sanduku, nikakutumia, sikumwambia mtu. Miezi mitatu ikawa kumi. Katikati yake mwenzetu mmoja akaomba za kumtibia mume wake. Nikamwambia mfuko umepungua, tumpe nusu. Akanishukuru, tena kwa mikono miwili. Mume alipona, la sivyo nisingekuwa na uso wa kuyaandika haya. Lakini waliuza kitanda na friji kupata ile nusu nyingine.

Zako zilifika siku mbili kabla ya kuhesabiana kwa mwaka. Nikazirudisha sandukuni. Tukahesabu, zikatimia, wakanipigia makofi.

Ndiyo maana niliandika kwamba umefanya vizuri. Hukufanya vizuri, na nilijua. Niliogopa wakizifuata hizo hela hatua kwa hatua watafika kwenye sanduku letu. Wewe ulikuwa unanistahi, mimi nikakuacha uape uongo ili nisiumbuke. Mdogo wangu mwenyewe, niliyembeba mgongoni. Nimejichukia.

Na bado sijamaliza. Juzi mchana wenzangu walikwenda kula, nikabaki peke yangu. Nikafungua sanduku. Nikahesabu kiasi kile kile, nikakifunga kwenye kitambaa. Nilishapanga: nimrudishie msimamizi wako, mengine nitajua mbele ya safari. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nikazirudisha zote, nikafunga, nikakaa sakafuni mpaka waliporudi. Walidhani ni presha.

Andika jina langu. Andika na kiasi na tarehe. Usimwache jirani aape chochote. Mimi kesho nawaita wenzangu.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika tarehe tisa alasiri. Tarehe kumi asubuhi nilikuwa kwa wakili kabla hajafungua, nimekaa kwenye ngazi. Jirani nilimwambia asije, akashusha pumzi mpaka nikamwonea huruma. Kumbe naye alikuwa hali chakula kwa hofu.

Wakili alinipa karatasi ya tatu mpya. Kuandika pikapu haikuwa taabu. Lakini jina lako, mkono ulikataa. Wakili akageukia dirishani, akanipa mgongo, akasubiri. Niliandika. Akasoma, akasema, "Hii ndiyo karatasi ya kwanza ya kweli uliyonipa," na akaipeleka.

Siwezi kukulaumu, kwa hiyo usiningojee nikulaumu. Nafikiria huyo mama na mume wake. Ile nusu aliyonyimwa niliikalia mimi. Niliinunulia kitambaa cha viti, Dada, cha rangi ya damu ya mzee, nikajisifu kwako jinsi kinavyong'aa. Wifi yako nimemweleza yote. Akasema, "Na mimi nilishangaa shingoni mwa wifi mbona pana alama ya kamba." Mimi miaka yote hiyo sikuwahi kuiona.

Umewaambia? Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na ya barua zote nilizokuwa sijajibu. Mama amejua. Aliniuliza mwenyewe mbona siku hizi narudi nyumbani peke yangu, nikashindwa kudanganya. Siku mbili hakula mezani nami. Siku ya tatu akaniambia niketi, chakula kinapoa.

Niliwaambia saa ya chakula, kabla hawajafunua vyombo. Nilisema nimesimama. Hakuna aliyepiga kelele, na kelele ningeziweza. Yule mwenye mume aliinuka akaenda kuzima pasi yake, akabaki huko huko ametupa mgongo. Nikavua ufunguo, nikauweka mezani. Ukakaa pale, hakuna aliyetaka kuushika.

Wiki mbili walikula upande wa pili wa chumba. Wakati huo barua ya msimamizi wako ikafika, inanitaka nirudishe zote. Nikawapelekea waisome. Nikawaomba mkopo, safari hii kwa mdomo wangu na mbele yao. Walipiga kura: tisa wamekubali, wanne wamekataa. Mwenye mume alikubali. Nilipomshukuru aliniambia, "Nimekubali kwa ajili ya mama yako. Wewe sijakusamehe." Nikamwambia sawa, kwa sababu ni sawa.

Nitalipa miezi ishirini, inakatwa juu kwa juu kwenye mshahara. Ufunguo anao mwingine. Daftarini wameniandika kwa wino mwekundu, ukurasa mzima wangu peke yangu, na kila mwisho wa mwezi linasomwa kwa sauti.

Msimamizi ameshapokea. Karani wake amenieleza kwamba kwa kuwa nimerudisha, sasa nami nimeingia kwenye orodha ya wadai wako kama wengine. Basi ndiyo hivyo, mdogo wangu, mahakama imenifanya mdai wako. Mama anasema usiache kula.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama namshukuru kwa soksi, ingawa zote mbili ni za mguu wa kushoto kwa jinsi alivyozifuma. Wifi yako sasa ananisemesha mpaka natamani anyamaze kidogo. Simu yangu imerudi hewani, nawe unajua, tunaongea kila Jumapili. Lakini haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu. Nitalia, na wewe utajifanya mtandao umekata.

Hati ya kufutiwa madeni imetoka jana. Tuliitwa chumba cha msajili, mabenchi mawili na feni isiyozunguka. Akasoma wadai mmoja mmoja, na kila mmoja akauliza kama kuna pingamizi. Benki, hakuna. Duka la mbao, hakuna. Spongi, hakuna. Wale sita wa simu, waliokuwa wakinipigia alfajiri, hakuna hata mmoja aliyeleta mguu wake. Wa mwisho ulikuwa wewe. Alilisoma jina lako kwa sauti ile ile aliyosomea duka la spongi, akauliza, "Pingamizi?" Nikatazama mlango kana kwamba ungetokea. Akageuza ukurasa, akagonga muhuri.

Katika kila mia mliyonidai mmepata nane. Zilizobaki zimefutwa. Aliposema za benki zimefutwa nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Aliposema zako, niliona haya kuliko siku zote nilizokuwa najificha. Wewe unakatwa mshahara kila mwezi kwa sababu yangu, na mimi nimepewa karatasi yenye muhuri inayosema hunidai kitu.

Nje wakili akanipa mkono. "Sasa hudaiwi na mtu." Nikamuuliza, na dada? Akasema kisheria hata dada. Nikamuuliza kama nikilipa nitakuwa nimevunja sheria tena, maana mara ya kwanza nilivunja kwa kulipa. Akacheka kidogo. "Hati imeshatoka. Hakuna anayekulazimisha, wala hakuna anayekuzuia." Dada, mimi nimezoea kulipa kwa kukimbizwa. Hili la hiari ndilo linaloniogopesha, kwa sababu nikiacha hakuna atakayenifuata, na wewe nakujua, hutanifuata.

Ndani ya bahasha hii kuna malipo ya kochi la kwanza nililolimaliza tangu jana. Nimefanya kazi usiku kucha na asubuhi mwenyewe kalichukua. Yako hapo yote, sijatoa hata nauli. Hela hizi si zako, usizishike. Wape wanawake wa chumba cha pasi wazihesabu wao, na yule mwenye mume umwombe ahesabu yeye, akikubali. Asipokubali, usimbembeleze. Mwezi ujao nitatuma nyingine, na unaofuata, mpaka ziishe.

Kisha uwaombe wafungue daftari kwenye ule ukurasa wa wino mwekundu. Wakate jina lako, waandike langu, na mwisho wa mwezi wasome langu kwa sauti. Nimeliandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa, wasije wakakosea.

Mdogo wako